Kudra, Kinga na Dhamana ya Mhandisi

Kama ajali ya kiwandani ni kudra ya Mungu au ni kosa la binadamu ni swali la kale, lakini katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, limepata uzito mpya. Waislamu na Wakristo wa huko huishi pamoja na huzikana, na penye msiba wote husema kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Wakati huohuo mitambo inaingia. Matambarale, wilayani Ruangwa, kumejengwa mgodi wa kinywe wa Lindi Jumbo, wenye mtambo uliosanifiwa kuzalisha tani 40,000 kwa mwaka. Kinywe cha Chilalo, na nikeli ya Ntaka Hill wilayani Nachingwea, vimefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Mhandisi anayefunzwa kuilinda mitambo ya namna hii haachi imani yake mlangoni mwa darasa. Mafunzo yasiyoigusa imani hiyo humwachia elimu mbili zisizojuana, moja ya mtambo na nyingine ya mauti, na siku ya hatari mara nyingi ni ile ya pili inayoamua.

Uchenjuaji wa kinywe huonekana mpole ukiulinganisha na kazi ya gesi. Mwamba husagwa, unga wake huchanganywa na maji na kemikali, kinywe huelea na povu, hukusanywa, hukaushwa kwa joto na kupakiwa. Hata hivyo vumbi lake hupitisha umeme na likiingia kwenye makabati ya swichi huleta shoti. Vinu na mikanda hukata viungo vya watu. Na tope linalobaki hulundikwa nyuma ya tuta. Mwadui, mkoani Shinyanga, bwawa la tope la namna hiyo lilipasuka tarehe 7 Novemba 2022, tope likafunika makazi na mashamba.

Kinga hujengwa kwa tabaka. Ya kwanza ni usanifu wenyewe: Trevor Kletz, mhandisi wa kemia wa Uingereza aliyefariki mwaka 2013, alisisitiza kupunguza akiba ya kitu cha hatari kabla ya kufikiria namna ya kukizuia. Hufuata vidhibiti na kengele, kisha mfumo unaozima mtambo wenyewe: kihisi hupima, kompyuta huamua, vali hufunga. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61511, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, huipanga mifumo hiyo kwa madaraja. Mfumo wa daraja la pili hutakiwa uwe na nafasi ya kushindwa iliyo chini ya 1 kwa 100 pale unapohitajika.

Tatizo gumu liko kwenye kinga iliyokufa kimyakimya. Vali ya dharura hukaa wazi miaka mingi bila kufanya lolote. Ikishika kutu na kukwama, mtambo huendelea kuzalisha kama kawaida, mita hazionyeshi kitu, na hakuna ajuaye mpaka siku itakapotakiwa kufunga. Njia ya kujua ni kuijaribu. Muda kati ya jaribio na jaribio ukirefushwa maradufu, uwezekano wa kushindwa nao huongezeka karibu maradufu. Kwa hiyo uhai wa zamu nzima ya usiku unaweza kumtegemea fundi mmoja aliyeijaribu vali mwezi uliopita pasipo shahidi, au aliyetia saini fomu bila kuigusa. Hiyo ni amana, na hesabu peke yake haimfunzi mtu kuitunza amana.

Methali inasema ajali haina kinga, na wapo wanaoiona dini kuwa upande wa methali hiyo. Hawajaisoma vizuri. Waislamu wa pwani na bara yake hufuata zaidi madhehebu ya Shafi na, katika itikadi, mafundisho ya mwanazuoni Ashari wa karne ya 10: Mungu ndiye muumba wa kila tendo, lakini mja hulichuma tendo lake, na ataulizwa juu yake. Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Sham ilipozuka tauni ya Amwas, mnamo mwaka 639. Alipoamua kurudi, sahaba mwenzake Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Umar alijibu kwamba anatoka kwenye kudra moja kwenda kwenye nyingine, akamkumbusha mchungaji mwenye bonde la majani na bonde kavu: popote atakapolisha, yumo ndani ya kudra. Kwa hoja hiyo vali iliyojaribiwa ni kudra sawasawa na iliyokwama, na aliyeacha kuijaribu hana pa kujificha. Sheria ya Kiislamu humdai diya na kafara hata aliyeua bila kukusudia. Kutokusudia hupunguza dhambi, deni hubaki.

Torati nayo iko wazi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, humwamuru mjenzi wa nyumba mpya kuzungushia dari ukingo, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba hiyo. Sura ya 21 ya Kutoka ina kesi ya ng'ombe aliyeua mtu kwa pembe. Kama hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Kama alikuwa nayo, mwenyewe akaonywa asimzuie, hatia ni yake. Sheria hiyo ya wafugaji imebeba kiini cha suala lote: onyo hubadilisha dhamana. Injili ya Luka inaongeza upande wa marehemu. Mnara wa Siloamu ulipowaua watu 18, Yesu alikataa wazo kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Wachunguzi wa ajali wangefaa kulikumbuka hilo, kwa maana wepesi wa kumtupia lawama fundi aliyekwisha kuzikwa ni mkubwa mno.

Ajali kubwa za viwandani karibu zote zilitanguliwa na onyo. Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, gesi ya sumu iliua maelfu. Kinga zilikuwepo, lakini hazikuwa kazini: mtambo wa kupooza tangi ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla, na mnara wa kuchomea gesi ulikuwa umeondolewa kipande cha bomba kwa matengenezo. Kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha, bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, watu 167 walikufa baada ya zamu moja kuwasha pampu ambayo vali yake ya usalama ilikuwa imetolewa na zamu iliyotangulia. Habari ya kibali cha kazi haikuwafikia. Kuziita ajali hizo kudra na kuishia hapo ni kumsingizia Mungu.

Liko pingamizi zito zaidi. Wataalamu wa usalama hupanga kiasi cha hatari kinachovumilika. Uingereza, kwa mfano, kifo 1 kwa mwaka kwa kila wafanyakazi 1,000 kimewekwa kuwa ukomo usiopaswa kupitwa. Je, kukubali namba hiyo si kujitwalia mamlaka ya Mwenye uhai? Hapana, kwa kuwa asiyeandika namba hana mtambo usio na hatari. Ana hatari asiyoijua. Ubaya huingia pale anayepanga namba hakai chini ya tuta la tope na anayekaa chini yake hajaulizwa. Nachingwea inaijua hali hiyo. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 uliifanya kuwa kituo chake cha kusini, ukajengewa reli, na mwaka 1951 ukaachwa baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Waliopanga hesabu zake hawakukaa hapo, na udongo na mvua havikupimwa vya kutosha.

Mafunzo yanayofaa hutokana na haya. Mbinu iliyoanzia kampuni ya ICI ya Uingereza katika miaka ya 1960 huwakalisha wahandisi na waendeshaji mbele ya mchoro, wakauliza kwa kila bomba: itakuwaje mtiririko ukikosekana, ukizidi, ukirudi nyuma? Mezani hapo wawepo mafundi wa chuo cha ufundi stadi cha VETA cha Ruangwa, kwa kuwa ndio watakaoombwa kukiondoa kazini kihisi kinachosimamisha uzalishaji. Wahandisi wa Tanzania husajiliwa na bodi chini ya sheria ya mwaka 1997 na hula kiapo cha taaluma hadharani. Kiapo hicho kisomwe darasani mapema, pamoja na kisa cha Umar na kesi ya ng'ombe, kabla ya hesabu za uwezekano. Na mwanafunzi asiyeweza kutaja, kwa kila kinga ya mtambo wake, nani aliijaribu, lini, na ni akina nani watakaoumia ikishindwa, asipewe cheti.