Picha na Mgonjwa

Yupi asadikiwe zaidi juu ya maradhi: picha ya mwili wa mgonjwa, au mgonjwa mwenyewe? Swali hili laonekana dogo, lakini jibu lake laweza kumpa mtu dawa au kumnyima.

Chukua, msomaji, ugonjwa uitwao multipo sklerosisi. Ndani yake kinga ya mwili hugeuka adui, ikala utando unaofunika mishipa ya fahamu, kama panya alavyo ganda la waya wa umeme. Macho hufifia, miguu hufa ganzi. Ugonjwa huu ni haba katika nchi za Ikweta kama yetu, lakini upo. Tangu mwaka 1981 mashine ya sumaku imeonyesha makovu yake katika ubongo wa mtu aliye hai, bila kisu.

Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya dawa ya sindano, interferoni beta, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 372 wa Marekani na Kanada. Picha ziliisifu, kwani makovu mapya yalipungua. Mashambulio ya ugonjwa nayo yalipungua kadiri ya theluthi moja kwa waliopata kipimo kikubwa. Lakini ulemavu wao, baada ya miaka mitatu, haukuwa na tofauti ya kutegemewa na ule wa waliopewa dawa ya bandia. Je, dawa ilifaulu au ilishindwa?

Wako wasemao kuwa picha haina hofu wala tamaa, basi haisemi uongo. Ni kweli, tena huona yaliyofichika, maana makovu mengi hutokea pasipo mgonjwa kuhisi kitu. Lakini picha haijui uchovu. Mchongaji wa Wamunyu, hapa Machakos, aweza kuchonga mzee aliyepinda mgongo; sanamu ile haitasema kama mgongo wauma. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa ndiye ajuaye kama leo amekipanda kilima alichoshindwa jana.

Kwa hivi haki yataka mashahidi wote wawili wasikilizwe, kila mmoja kwa lile alijualo. Ukijaliwa kuwa daktari, usimwite mgonjwa mwongo kwa kuwa picha yake ni safi; na ukiwa mgonjwa, usiitupe dawa kwa kuwa leo huna maumivu. Ila wakihitilafiana, kumbuka kwamba dawa hutolewa ili mtu apone, si ili picha ipendeze.