Karani na Bwana Wake

Ipo sinema ya mwaka 1990 ambayo siku hizi haitajwi sana, iitwayo Mister Johnson. Aliiongoza Bruce Beresford wa Australia, na picha zake zilipigwa katika nchi yenyewe ya Nigeria. Hadithi yatoka katika kitabu cha mwaka 1939 cha Joyce Cary, mzaliwa wa Ireland aliyepata kuwa ofisa wa serikali ya Kiingereza huko Nigeria. Tumeitazama tena, na twapenda kuileta mbele ya wasomaji wetu, maana yauliza swali lisilozeeka: mtu akifaidi udanganyifu wa mwenzake, hatia yake ni kiasi gani?

Mambo yake ni ya mwaka 1923. Johnson ni kijana Mwafrika, karani wa boma, mwenye madeni mengi, avaaye Kizungu na kuisema Uingereza kuwa ni kwao hali hajaiona kamwe. Bwana wake, Rudbeck, atamani jambo moja tu: barabara ya kuiunganisha wilaya yake na ulimwengu. Fedha yaisha kabla ya kazi kwisha. Ndipo karani amwonyesha jinsi hesabu ziwezavyo kupangwa daftarini, fedha ya shughuli nyingine iingie barabarani. Bwana asitasita, kisha akubali. Mambo yalipofichuka, karani akapoteza kazi. Bwana akabaki na cheo chake.

Hapa yatupasa tusimame kidogo. Rudbeck si mtu mbaya. Hakutia hata senti moja mfukoni mwake, na barabara ilikuwa na faida kwa watu. Lakini tuangalie alivyojigawanya: barabara aliihesabu kuwa yake, na hila iliyoijenga akaihesabu kuwa ya Johnson. Tena baadaye alimrudisha kijana yule awahimize vibarua, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwachangamsha kama yeye. Johnson alipoanza kuwatoza ushuru wapita njia bila idhini, bwana akakasirika na kumfukuza mara ya pili. Je, ni nani aliyemfundisha kwamba kanuni za serikali zaweza kupindwa maadamu kazi yaendelea? Wazee wetu waliopata kuwa makarani bomani huenda wakatabasamu wasomapo haya, wala si kwa furaha.

Wengine watasema kwamba Johnson alikuwa mtu mzima mwenye akili, naye alichagua. Ni kweli. Alipokosa kazi aliiba usiku katika duka la Mzungu Gollup, akakamatwa, akamwua. Damu ile ni juu yake, wala hatutaki kuifuta. Walakini aliyeketi kumhukumu ni Rudbeck yuyo huyo, na shtaka lilihusu usiku mmoja tu. Miaka ya daftari haikuitwa kizimbani.

Haifai kuficha kwamba Chinua Achebe alikichukia kitabu hiki alipokuwa mwanafunzi Ibadan, na chuki hiyo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomsukuma kuandika Things Fall Apart, kilichotoka mwaka 1958. Aliona Mwafrika amechorwa kama mtoto wa kuchekesha. Twakubali kwamba alikuwa na haki. Sinema haikuponya kasoro hiyo yote. Lakini Maynard Eziashi, aliyepewa tuzo ya mwigizaji bora huko Berlin mwaka 1991, ampa Johnson utu ambao wino haukumpa. Yumo pia mzee Hubert Ogunde, baba wa michezo ya kuigiza ya Nigeria, aliyefariki mwaka 1990.

Mwisho wake ni mgumu kuutazama. Johnson amehukumiwa kunyongwa, naye amwomba Rudbeck jambo moja: asife kwa kamba, bali bwana wake, ambaye bado amwita rafiki, ampige risasi kwa mkono wake mwenyewe. Rudbeck afanya hivyo. Wako wanaoiita huruma. Sisi twaona kwamba huruma ilitakiwa zamani, siku ile ya daftari, nayo ingekuwa neno moja tu: hapana. Risasi ile ilikuwa mara ya kwanza Rudbeck kulitenda jambo la Johnson bila kulipitisha katika mkono wa mwingine. Kama yuko msomaji atakayeiona sinema hii akadhani tumemwonea bwana yule, na atuandikie.