Moto wa Jirani

Baridi ya Sumbawanga tunaijua. Jiko likizimika, mtoto hutumwa kwa jirani kuomba moto. Hurudi na kaa kwenye kigae, akilipuliza njiani lisizimike.

Uamsho wa Kipentekoste ulisafiri hivyo. Mwaka 1906 uliwaka mtaa wa Azusa, Los Angeles, chini ya William Seymour, mtoto wa waliokuwa watumwa. Mchungaji Barratt akaupeleka Norwei. Mchungaji Pethrus akatoka Sweden, akaufuata Oslo, akarudi nao. Miaka ya 1930 wamisionari Waswidi wakauleta Tanganyika. Mtu kwa mtu. Mji kwa mji.

Hakuna aliyeufikisha kote peke yake. Kila mmoja aliufikisha kwa mwenzake.

Leo kazini, jema ulilonalo usilifungie. Mpe aliye karibu nawe.