Jee, Yafaa Kulilia Jiwe?

Twapenda kuwaletea ndugu zetu suali moja lililozungumzwa katika darasa yetu, ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka mwanzoni. Suali lenyewe ni hili: watu wakilipenda jiwe la nchi yao, kisha jiwe hilo likaondoka, jee, huzuni yao ni halali, au ni mabaki ya ushirikina?

Jiwe lililotutia katika mazungumzo haya liko karibu na Kombewa, katika nchi ya Seme, magharibi ya Kisumu. Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, watu wengi wa mwambao wamekwenda kutafuta riziki katika mji ule, na waliokwisha kushika njia ya Bondo hawakosi khabari ya Kit Mikayi. Ni majabali makubwa yaliyopandana, urefu wake kiasi cha mita 40. Jina lake kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza, kwani mikayi ndiye mke mkubwa wa nyumba. Wenyeji husimulia kwamba alikuwako mzee mmoja, Ngeso jina lake, aliyelipenda jiwe hilo kupita kiasi. Kila kulipokucha alikwenda kushinda pangoni mwake, na mkewe akimpelekea chakula huko huko. Mkewe alipoulizwa mumewe yuko wapi, alijibu kwamba yuko kwa mke wake wa kwanza. Na hata leo wako wendao pale kuomba na kufunga, wakiwamo wafuasi wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki katika miaka ya 1960.

Kit Mikayi lingali limesimama. Lakini mawe huanguka. Huko Marekani, katika jimbo la New Hampshire, palikuwa na jabali juu ya mlima lenye sura ya uso wa mzee. Watu walilipenda hata wakalitia katika sarafu yao mwaka 2000, na kwa miaka mingi walikuwa wakilifunga kwa vyuma na kuziba nyufa zake kwa saruji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2003 likaporomoka, na watu wakaenda kuweka maua chini ya mlima. Katika kisiwa cha Gozo, nchi ya Malta, palikuwa na tao la mawe juu ya bahari, likaanguka kwa dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Hapakusalia ila maji.

Wala Kit Mikayi halina ahadi ya kudumu. Mabingwa wa ilmu ya ardhi watueleza kwamba majabali ya namna hii yalifanyika chini ya ardhi, yakapasuka nyufa, maji yakapenya katika nyufa zile na kuulainisha mwamba, kisha mvua za zama na zama zikauchukua udongo uliolifunika. Kwa hivyo tulionalo leo ni baki tu la mwamba ulio mkubwa zaidi. Mvua iliyolidhihirisha jiwe ndiyo hiyo hiyo inayolila. Mwenye kulipenda na ajue tangu sasa kwamba amependa kitu kinachoondoka.

Sasa, katika darasa yetu walitokea ndugu waliosema: Jiwe ni jiwe. Likianguka, na lianguke. Na lau lingevunjwa likafanywa kokoto za kujengea, ingekuwa bora zaidi, maana mlango mmoja wa shirki ungefungwa. Neno hili lina sura ya tauhidi, na ndiyo sababu yatupasa kulipima kwa makini.

Tumtazame Sayyidna Umar (r.a.), ambaye hapana awezaye kumtuhumu kwamba alilegea katika tauhidi. Alipolikabili Jiwe Jeusi pale Alkaaba, alilieleza wazi kuwa yeye alijua ni jiwe tu, lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba lau hakumwona Mtume akilibusu, naye asingelibusu. Kisha akalibusu. Na alipofika Baitul Maqdis, wanahistoria wasimulia kwamba aliukuta ule mwamba mtukufu umefunikwa na taka. Aliuondolea taka kwa nguo yake mwenyewe. Akashauriwa asali nyuma ya mwamba, ili auweke baina yake na kibla, akakataa. Akasali mbele yake, mwamba ukawa mgongoni. Basi fikirini, ndugu zetu: mkono uliosafisha jiwe na mgongo uliolielekea jiwe ni vya mtu mmoja, katika siku moja. Kuheshimu hakukumfanya aabudu, na kukataa kuabudu hakukumfanya avunje.

Kweli yapokewa pia kwamba aliukata ule mti wa Hudaibiya, watu walipoanza kuuendea kusali chini yake. Lakini wale walikuwa Waislamu, na yeye ndiye mchungaji wao. Yeye alikuwa akiitengeneza nyumba yake. Majabali ya Seme ni ya jirani zetu, na Kurani, katika Sura ya Al-An'am, yatukataza hata kuvitukana vile ambavyo wengine huviomba badala ya Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Yeye kwa ujinga. Ikiwa ulimi umezuiwa, nyundo itapata wapi ruhusa?

Na sisi wa mwambao tusijione kuwa tumetakasika. Katika miji yetu wako wanaosali Alfajiri msikitini, na jua likipanda wanachukua ubani kwenda pangoni au chini ya mbuyu kuomba mtoto, au riziki, au adui aangamie. Hao si Wajaluo, wala si wafuasi wa Legio Maria. Ni ndugu zetu, na pengine ni watu wa nyumbani mwetu. Lau tungelivunja pango, haja iliyompeleka mtu pale isingevunjika pamoja nalo. Kesho angetafuta mbuyu, na mbuyu ukikatwa angetafuta kaburi. Kinachomtoa ni mafunzo na upole, na kumsaidia katika ile shida iliyomkimbiza huko. Kazi hii ni nzito kuliko kupiga nyundo, na ndiyo maana wengi wetu twaikimbia.

Turudi basi katika huzuni. Mtume wetu (s.a.w.) alisema khabari ya mlima wa Uhud kwamba watupenda nasi twaupenda. Chini ya mlima huo, mwaka wa 3 wa Hijra, alizikwa ami yake Hamza pamoja na mashahidi kiasi cha 70. Asingeweza kuutazama asiwakumbuke. Mapenzi haya hayakumwomba mlima kitu. Ndivyo apendavyo mtu mahali palipowashuhudia wazee wake: kila kizazi kimepita chini ya jiwe lile lile, watoto wakalipanda, wachungaji wakapumzika kivulini mwake. Likiondoka, shahidi ameondoka. Kulilia shahidi si shirki.

Mpaka uko wapi? Twaona kipimo chake katika khabari ya Jiwe Jeusi lenyewe. Mwaka 930 Makaramita waliishambulia Makka, wakaling'oa jiwe hilo na kulichukua kwao mashariki ya Bara Arabu, likakaa huko zaidi ya miaka 20 kabla ya kurejeshwa. Hapana shaka Waislamu walilia. Lakini waliotufu Alkaaba katika miaka ile walitufu pasipo jiwe, na tawafu yao ikasihi. Pale palipokuwa patupu palidhihirisha kwamba ibada yao haikuwa ya jiwe. Basi kila mwenye kupenda jambo la dunia, likiwa ni jabali au nyumba au mtu, na ajiulize: kikiondoka hiki, sala yangu itabaki? Ikibaki, na alie. Machozi yake ni rehema. Isipobaki, alikuwa akiabudu, hata kama hakupata kupiga goti.

Na huzuni ya halali ina wajibu wake. Jiwe likiangushwa na mvua kwa amri ya Mola, juu yetu ni subira. Likivunjwa na mwenye lori atakaye faida ya msimu mmoja, subira peke yake haitoshi. Yatupasa kusema kabla halijavunjwa, hata kama ni jiwe la jirani asiye wa dini yetu. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, yaeleza kwamba yako mawe yaangukayo kwa kumwogopa Mwenyezi Mungu, na kwamba iko mioyo iliyo migumu kuliko mawe. Aliyelicheka suali letu, na ajiangalie moyo wake.

Wabillahi taufiki.