Kurunzi ya Zimamoto na Mpaka wa Tawakali

Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri, mpwa wangu, ambaye ni askari wa zimamoto katika mji mmoja wa pwani yetu, alinijia barazani na kurunzi tatu mkononi, akazipanga juu ya mkeka kama mchuuzi apangavyo bidhaa zake, akanieleza kuwa kikosi chao kimetakiwa kutoa rai juu ya ipi inunuliwe, na kwamba mwenzake mmoja, mtu wa sala na saumu, alikuwa amewakatisha shauri kwa kusema ya kuwa uhai na mauti vimo katika kudura ya Mola, na ajali haina kinga, basi yatosha kuchukua iliyo rahisi. “Mjomba,” akaniuliza, “amekosea? Maana nilipotaka kumjibu niliona kama kwamba nabishana na imani yake.”

Naiheshimu hekima ya wahenga, lakini methali hii sijapata kuiridhia inapotamkwa kabla ya ajali. Ikisemwa matangani ni rehema, kwa kuwa huwapunguzia wafiwa mzigo wa kujilaumu. Ikisemwa ghalani, mbele ya rafu ya vifaa, hugeuka kuwa ruhusa ya uzembe. Kila mtoto wa chuoni amesikia habari ya yule bedui aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, akaelekezwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Tumeizoea hadithi hii hata hatuulizi swali linaloifuata: mtu akimfunga ngamia kwa kamba iliyooza, ilhali anajua, au angeweza kujua kwa kuivuta mara moja tu, je, amefunga? Mimi naona hakufunga. Amefanya umbo la kufunga, kama mtu atawadhaye pasipo maji kugusa ngozi. Nikamwambia mpwa wangu kuwa mwenzake hakukosea katika imani, ila amekwenda kwenye tawakali kwa njia ya mkato, na kwamba kabla hatujafika huko yatupasa kuijua kamba, nayo hapa ni kurunzi yenyewe.

Nyumba iwakapo, giza lake si giza la usiku. Usiku hata usio na mwezi una nyota zake, lakini moshi ni kiza chenye mwili, kinachojaza chumba kutoka darini kushuka chini, na askari hutambaa ndani yake akiwa ameweka mkono mmoja ukutani au juu ya mpira wa maji, asije akapoteza njia ya kurudi. Asiyejua hudhani kwamba hapo kurunzi yenye lumeni nyingi kupita zote ndiyo bora. Sivyo. Mwanga mpana ukiingia katika moshi mzito hugonga chembe za masizi na kurudi machoni mwa yule aliyeuwasha, akapata ukuta mweupe mahali pa ukuta mweusi, kama dereva awashaye taa kubwa katika ukungu wa milima ya Usambara. Bali mwanga mwembamba, uliokusanywa, usiomwagika pembeni, ndio upenyao hatua kadhaa mbele. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Mishkatul-Anwar, alifundisha kuwa jina la nuru kwa haki ni la Mwenyezi Mungu peke yake, na vingine vyote huitwa nuru kwa majazi tu. Nami sioni dalili ya wazi kuliko hii ya kwamba nuru ya mwanadamu ni ya kuazima, kwani ikizidi mahali isipostahili humpofusha mwenyewe.

Mwili wa kurunzi nao una hukumu zake. Ya aluminiamu ni nzuri kutazama, lakini hupitisha umeme, na katika nyumba iliyoungua nyaya huning'inia zikiwa uchi. Kwa hiyo wengi hupendelea nailoni au plastiki ngumu. Swichi iwe kubwa kiasi cha kubonyezwa na mkono uliovaa glavu. Kichwa kikiwa kimepindwa, kurunzi huweza kubanwa kifuani ikaangaza mbele, na mikono ikabaki huru. Panaposhukiwa gesi, hutakiwa ile iliyothibitishwa kwamba cheche yake haiwezi kuiwasha. Taa yenyewe siku hizi ni ya LED, isiyo na ule uzi mwembamba wa balbu za zamani uliokatika kwa kishindo kimoja tu; na wale wanasayansi watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walioivumbua diodi ya buluu yenye ufanisi ambayo kwayo ulipatikana mwanga mweupe, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, kwa stahili kabisa kwa maoni yangu.

Ila taa bila betri ni kioo tu, na hapa ndipo mpwa wangu alipokuwa na kidonda. Mwaka mmoja kabla ya hapo aliingia katika jengo lenye moshi na kurunzi iliyokaa kabatini miezi mingi na mawe yake ndani. Yale mawe ya alikali yalikuwa yamevuja, yakaacha unga mweupe uliokula chuma cha mguso, na taa ikazima ngazini. Alitoka salama kwa kushika mpira wa maji. Hakumlaumu mtu, lakini tangu siku hiyo hutoa mawe katika chombo kisichotumika, wala hachanganyi mapya na yaliyochoka. Jiwe la alikali lina tabia moja njema: hufifia polepole, likamwonya mwenyewe. Betri ya lithiamu katika kurunzi iliyo na mtambo wa kusawazisha nguvu hushikilia mwanga ule ule hadi karibu na mwisho, kisha hukata ghafla. Ni rafiki mwenye nguvu asiyeaga. Haifai kutumiwa ila na mtu ajuaye kwa hesabu aliichaji lini.

Na hesabu yenyewe mara nyingi si amini. Betri ya kuchaji iitwayo 18650, kwa kuwa upana wake ni milimita 18 na urefu 65, haijazidi sana miliampea-saa 3,500 hata ikiwa katika zile bora, lakini masokoni huuzwa zilizoandikwa 9,900 bila haya. Kadhalika boksi likisema kurunzi huwaka saa kadhaa, kwa kanuni ya Marekani ya mwaka 2009 iitwayo FL1 saa hizo huhesabiwa mpaka mwanga ubakie sehemu moja tu ya kumi ya ule wa mwanzo. Hilo la pili ni kanuni iliyotangazwa, na mnunuzi aweza kuisoma. La kwanza ni ghushi tupu. Sura ya Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo na mizani, na kwangu hakuna tofauti kati ya mpunjaji wa pishi ya mtama na yule aandikaye juu ya betri nguvu isiyomo, ila kwamba huyu wa pili mteja wake hugundua upungufu akiwa ndani ya moshi.

Lakini upo moshi ambao hata kifaa cha haki hakiuwezi. Tarehe 3 Desemba 1999, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, mshumaa ulioanguka uliwasha jengo kuukuu la ghala la baridi, lisilo na madirisha ila machache mno. Askari wawili waliingia kuwatafuta watu wasio na makao waliosemekana kulala humo; wakapotea katika giza lake, na wenzao wanne waliokwenda kuwatafuta nao hawakurudi. Waliokuwa wakitafutwa walikuwa wamekwisha kutoka. Sidai kwamba kurunzi ingewaokoa mashujaa wale sita, na kudai hivyo kungekuwa kuwadhulumu, kwa sababu hewa ilikwisha katika mitungi yao na jengo lile lilikuwa mtego. Hapo ndipo ninapouona mpaka wa tawakali nilioutafuta: palipo na moshi uliopita uwezo wa kila taa, na wanne wanaingia kwa ajili ya wawili, hakuna tena la kuchagua dukani, na mja amebaki na Mola wake. Lakini mpaka huo uko mbali, mbali sana na ghala la vifaa, na mtu akiusogeza mpaka akauweka penye bei nafuu, amemwachia Mungu kazi ambayo Mungu amemwamini yeye kuifanya.

Ndugu zetu Wakristo wana mfano wa wanawali kumi, watano kati yao waliochukua mafuta ya akiba na watano waliosahau, na wale wenye busara walipoombwa hawakugawa. Nilipousoma ujanani niliwaona wachoyo. Sasa nafahamu kwamba yako mambo ambayo saa ikifika hayaazimiki. Na zaidi ya hayo, katika zimamoto aliyesahau huwapunguzia na wenzake, kwani kurunzi ya mmoja ikizima, wa pili hulazimika kuangaza kwa ajili ya wawili. Ndiyo maana askari makini huwa nazo mbili, moja kifuani na moja kofiani.

Baada ya magharibi mpwa wangu alivaa glavu zake, akafumba macho, akajaribu kuziwasha zote tatu. Moja ilimshinda kuipata swichi, akaiweka kando bila maneno. Mbili zilizobaki tuliziwasha baada ya isha, tukazielekeza ukutani, naye akafungua daftari akawa anaandika kila nusu saa. Ya kwanza ilikata ghafla saa saba kasorobo usiku. Ya pili ilizidi kufifia, na adhana ya alfajiri ilitukuta bado tukiiona juu ya chokaa, nyembamba kama mbalamwezi. Akaandika saa na dakika za zote mbili, akalitia daftari mfukoni ampelekee mwenzake yule wa sala na saumu, nasi tukaondoka kwenda msikitini.