Tikiti ya Saa Nne

Palikuwa na bwana mmoja, mzaliwa wa Kibokoni, aliyekwenda Milano akiwa kijana na kukaa huko mpaka ndevu zikaingia mvi. Likizo ya Agosti alirudi Mombasa na wanawe watatu, wote wazaliwa wa ugenini, ili wamwone bibi yao na waujue mji wa baba yao. Nyumba ya mamake iko karibu na Ngomeni. Ukitoka mlangoni ukashika Ndia Kuu, kikombe cha kahawa chungu hakijapoa mkononi na wewe ushafika kwenye mizinga iliyo nje ya ngome ya Fort Jesus.

Bwana huyu alikuwa na tabia nzuri aliyoipata Ulaya: hatoki nyumbani bila mpango. Kabla ya safari ile aliwahi kuwapeleka watoto kuitazama Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, iliyochorwa baina ya mwaka 1495 na 1498 ukutani mwa ukumbi wa kulia chakula wa watawa, katika kanisa la Santa Maria delle Grazie hapo hapo Milano. Mchoro ule hauendewi hivi hivi. Watu huingia kwa makundi madogo, kila kundi hupewa dakika 15 na kutolewa, na asiyekata tikiti mapema hurudi alikotoka. Florence nako, kwenye jumba la Uffizi, ameonja jua la foleni mara moja akaapa kutolionja tena. Kwa hiyo alipowaahidi watoto kwamba kesho watakwenda Fort Jesus, jambo la kwanza lililomjia ni tikiti.

Usiku ule, wenziwe wakiwa ndani wanakula, alikaa barazani na simu yake. Akatafuta, na hakutafuta sana. Lilimjia tangazo la Facebook lenye picha ya lango la ngome, nembo ya taifa pembeni, na namba ya WhatsApp chini. Akaandika. Jibu lilirudi upesi, kwa adabu zote: kesho saa nne asubuhi zimebaki nafasi nne tu, bei ni ya wageni wa nje, na juu yake kuna ada ndogo ya kupita bila foleni, alipe sasa hivi kwa M-Pesa, kwani kuna kundi la meli ya watalii linazitaka nafasi hizo hizo.

Hapo ndipo alipokamatwa. Fort Jesus haina nafasi za saa nne wala za saa tano. Ni ngome kubwa yenye uwanja katikati, mtu huingia saa yoyote pakiwa wazi na hukaa apendavyo. Lakini yeye alikuwa na Milano kichwani, na tapeli alijua, au alibahatisha, kwamba mtu aliyezoea Milano ukimwambia nafasi zimebaki nne hatauliza la pili. Mimi huwa siamini kwamba matapeli wa mtandaoni ni werevu kupita wengine. Wanachojua ni hofu ya mteja wao, na huyu hofu yake ilikuwa kuwafikisha watoto langoni kisha wakataliwe kuingia.

Ndani ya nyumba ile mlikuwa na mpwa wake, dereva wa tuktuk, ambaye haipiti siku bila yeye kuteremsha abiria pale langoni. Bwana hakumwuliza. Alikuwa na mamake, aliyezeeka katika mtaa ule. Hakumwuliza pia. Mtu akikaa nje miaka mingi huona haya kuuliza njia ya mji wake mwenyewe. Tumewaona wengi, na wengine ni jamaa zetu.

Akatuma pesa. M-Pesa kabla ya kutuma huonyesha jina la mpokeaji, na ujumbe wa baadaye hulirudia. Alisoma kiasi, akahakikisha sufuri hazikuzidi. Jina hakulisoma. Lilikuwa jina la mtu, tena majina mawili ya mtu wa kawaida, si la serikali wala la makumbusho. Dakika mbili baadaye ikaja picha ya tikiti, nzuri hasa, yenye ule mraba wa vidoadoa unaosomwa na simu. Akalala usingizi mnono.

Asubuhi waliondoka wamevaa, kofia kichwani, chupa za maji mkononi. Bibi aliwafungia mahamri. Mpwa akawasindikiza kwa miguu kwa kuwa hata tuktuk ingekuwa israfu. Saa nne kasoro kidogo wapo langoni, na foleni hakuna: wanafunzi wa shule moja wametangulia, na wazungu wawili wanapiga picha mizinga. Bwana akatoa simu. Askari wa zamu akaipima kwa mashine, akaipima tena. Akamrudishia.

“Mzee, hii si yetu.”

Hakukubali. Alionyesha ujumbe wa M-Pesa, akaonyesha mazungumzo ya WhatsApp, akapiga ile namba. Ikaita ikakatwa. Akapiga tena, imezimwa. Akaanza kusema kwa Kiitaliano, jambo ambalo watoto wake walijua maana yake na wakasogea pembeni. Mpwa alisubiri mjomba ashushe pumzi, kisha akauliza taratibu: “Mjomba, ulilipa wapi?” Alipooneshwa lile jina hakucheka, kwa adabu. Alichukua simu yake, akaingia eCitizen ambako makumbusho ya taifa hulipiwa, akalipa bei ya mwananchi, na mambo yakawa yamekwisha. Maana kulikuwa na hasara ya pili ndani ya ile ya kwanza: mzaliwa wa Kibokoni mwenye kitambulisho cha Kenya mfukoni alikuwa amelipa kama mgeni aliyeshuka melini. Bei za makumbusho yetu hutenganisha mwananchi, mkazi na mgeni, tena kwa tofauti kubwa, na kinachoamua ni karatasi unayoonyesha.

Ingekuwa imeishia hapo, kisa kisingekuwa na uzito. Pesa hupotea, watu wakazitafuta nyingine. Kosa kubwa lilifanyika ndani.

Watoto waliingia na binamu yao. Baba aliingia na simu. Alikaa kwenye kivuli karibu na lango akiandika ujumbe kwa tapeli, akiandika kwa Safaricom, akiandika kwa rafiki zake wa Milano, na saa mbili zikapita. Mtu aliyefanya haraka yote ile asikose nafasi, nafasi alikuwa nayo, na hakuitazama.

Na lipi alilolikosa? Fort Jesus ilichorwa na mtu wa mji ule ule alikotoka yeye. Giovanni Battista Cairati, Mmilano, alikuwa mhandisi mkuu wa ngome za Wareno huku Mashariki, enzi ambazo Filipo wa Pili wa Uhispania alikuwa ndiye mfalme wa Ureno pia. Ujenzi ulianza mwaka 1593, na mwaka 1596 Cairati akafa huko Goa. Hii inatajwa kuwa kazi yake ya mwisho. Wajuzi wa Italia wa zama zile waliamini kwamba vipimo kamili vya jengo vimo katika mwili wa binadamu, na Cairati aliileta imani hiyo juu ya mwamba wa matumbawe wa Mombasa. Ukitazama ramani ya ngome utaona kichwa kinachoelekea bahari, mikono na miguu. UNESCO ilipoiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, umbo hilo lilikuwa miongoni mwa sababu zake. Wenyeji wengi hupita chini ya kuta hizo kila siku wakienda sokoni au bandari ya kale na hawajaambiwa kwamba wamepita ubavuni mwa mtu aliyelala.

Halafu kuna ile michoro. Binamu aliwapeleka watoto kwenye kipande cha ukuta kilichohifadhiwa, kilichochorwa na Wareno waliokaa ngomeni, kwa rangi nyeusi ya mkaa na nyekundu ya udongo: meli zenye matanga, watu, mambo ya kuotea ndoto mtu aliye mbali na kwao. Si kazi ya mafundi. Ni askari na mabaharia, wengine huenda wakiwa na homa, wakijichorea meli ya kuwarudisha. Kwangu mimi mchoro huu una uchungu kuliko mingi iliyotiwa fremu ya dhahabu. Na mbele ya Leonardo hupewa dakika 15; hapa unaweza kukaa mpaka uchoke, hakuna atakayekuja kukutoa. Mtoto wa kati alikaa muda mrefu akihesabu milingoti.

Wakaona na vitu vilivyotolewa baharini kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira. Mzingiro ule ulianza Machi 1696 ukamalizika Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa zaidi ya risasi. Wazamiaji walifanya kazi kwenye mabaki hayo tangu 1977 hadi 1980. Wakaona nyumba ya Waomani juu ya boma, na kutoka pale bahari yote. Yote hayo baba aliyasikia jioni, kwa kusimuliwa.

Mamake alipoelezwa habari ya tikiti aliacha kuchambua mchele. “Mwanangu, mimi nikiijua hiyo ikiwa jela. Watu walikuwa wakiomba kutoka, hapana aliyelipa kuingia. Ungeniuliza.” Kweli ilikuwa jela, tangu Waingereza walipoigeuza mwaka 1895 mpaka 1958, kisha ikakarabatiwa kwa msaada wa wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Wapo watakaosema ubaya ni wa kununua mapema mtandaoni. Sivyo. Kununua mapema ni jambo jema, na Milano hakuna njia nyingine. Ubaya ni kumnunua mtu badala ya kununua tikiti. Huko Ulaya nako kuna kurasa zinazofanana na za majumba yenyewe kama pacha, zinazouza tikiti kwa bei maradufu au zisizouza kitu kabisa, na wanaonaswa ni wasomi wenye haraka. Kenya tangu mwaka 2023 serikali imeelekeza malipo ya huduma zake yapitie eCitizen, na Paybill yake ni moja: 222222. Atakayekwambia ulipie jengo la serikali kwa namba yake ya simu, hata akikuita ndugu, hata akikutumia nembo, pesa zinakwenda kwake. Soma jina kabla ya kubonyeza. Ukishabonyeza na ukagundua, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo, usingoje kugombana naye kwanza, maana ombi la kurudisha pesa halisaidii zikishatolewa kwa wakala. Beba kitambulisho, na cha kuwatambulisha watoto. Na ukiwa na jamaa katika mji unaokwenda, mwulize kabla ya kuuliza simu, swali la “Ngomeni huingiwa vipi siku hizi?” halimpunguzii mtu heshima.

Bwana yule aliripoti polisi, akaandikiwa namba ya kumbukumbu, akarudi Milano. Kabla ya kuondoka watoto walimwomba waende Fort Jesus mara ya pili, safari hii pamoja naye, lakini siku zilikuwa zimekwisha. Pesa hazikurudi. Ile namba ya WhatsApp ilifufuka baada ya wiki mbili. Sasa ina picha ya treni, na inauza nafasi za mwisho za kwenda Nairobi.