Mikono ya Mwenye Nyumba

Mu kartié zetu za Lubumbashi tunaona jambo hili kila siku: mtu mwenye diploma, mwenye kuvaa shati jeupe, mlango wa jiko lake umelegea. Misumari miwili ingetosha. Lakini yeye anangojea fundi, siku tatu, hata juma nzima. Juu ya nini? Si juu ya feza, wala si juu ya kukosa nyundo. Ni juu ya haya: «Majirani watasema nini wakiniona na udongo mikononi?»

Kwa hiyo tunauliza: je, mtu mwenye kusoma iko na deni la kutengeneza nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe? Ao ni vema kila kazi iachiwe yule aliyejifunza?

1. Desturi inasema nini?

Zamani, mu vijiji vyetu, mtu mzima asiyejua kujenga alikuwa mtu wa kuchekwa. Wanaume walikata miti, wakaifunga kwa kamba za maganda, wakaezeka nyasi. Wanawake walichota maji, wakakanyaga udongo, wakakandika kuta na sakafu. Majirani walikuja kusaidia. Mwenye nyumba alitoa chakula na pombe, na siku nyingine naye akaenda kwao. Kuketi kivulini wakati mwingine anaziba ufa wako, njo ilikuwa haya. Leo haya imegeuka upande.

Lakini tusidanganyane. Desturi ile ile haikusema kila mtu afanye kila kitu. Katanga ilijulikana mbali kwa misalaba yake ya shaba. Kuyeyusha ile shaba ilikuwa kazi ya mabingwa, iliyofanyika wakati wa kiangazi, yenye miiko na siri zake. Kijana hakuisogelea pasipo kufundishwa. Basi wazee walijua kutofautisha: kuna kazi ya kila mwenye mikono, na kuna kazi ya moto mkali, ile inataka bwana wake.

2. Haya ilitoka wapi?

Ilitoka sehemu mbili. Ya kwanza ni ile heshima ya «évolué». Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianzisha karti ya «mérite civique», na mwaka 1952 «immatriculation». Aliyeomba kuandikwa alikaguliwa hata nyumbani kwake: wanakula namna gani, nyumba ni safi namna gani. Mtu alipimwa kwa vitu ambavyo iko navyo, si kwa vile anajua kutengeneza. Karti zile zilikufa pamoja na ukoloni, lakini roho yake ingali inatembea.

Ya pili ni kambi. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi nyumba, na yenyewe ikazitengeneza. Lata likipasuka, unapeleka habari ofisini. Hata kisha mwaka 1967, wakati kampuni ilipokuwa ya Taifa, ikaja kuitwa Gécamines, watu waliendelea kusema: «Kazi njo baba, kazi njo mama.» Mwaka 2003 operesheni ya «départs volontaires» ilianza, watumishi zaidi ya 10 000 wakatoka. Baba na mama wakaondoka, na wengi walijikuta mbele ya ufa bila kujua waanzie wapi.

3. Mfano wa jiko

Tutazame jiko, maana pale jambo linaonekana wazi. Siku hizi mwenye feza anataka jiko la kisasa: meza ndefu ya beto, juu yake karo zinazong'aa, kama vile aliona mu picha za Ulaya. Fundi anakuja, anapima, anajenga, analipwa. Kisha juma moja, mama wa nyumba anapika bukari wapi? Inje, chini, kwenye mbabula! Juu ya nini? Kwa sababu bukari inasongwa kwa nguvu ya mabega: sufuria chini, mama anainama juu yake, anaikaza isizunguke. Meza inayofika tumboni haisaidii kitu. Karo zinabaki kupanga sahani.

Fundi hakukosea, alifanya aliyoambiwa. Aliyekosea ni bwana ambaye hakushika mwiko wa kusonga wala mwiko wa masoni, na hakumuuliza mke wake. Angejaribu kwanza kwa matofali machache na ubao mmoja, angevumbua kwamba jiko letu linataka meza mbili: moja ya juu ya kukatia lengalenga na sombe, nyingine fupi, nzito, ya kusongea. Kushika kazi kwa mikono ni namna ya kujua. Kuna akili ambayo haiingii kwa njia ya buku.

4. Mashaka mawili

Wengine watasema: «Ukijifanyia mwenyewe, fundi atakula nini?» Neno hilo lina uzito. Lakini fundi hafi njaa juu ya misumari yako miwili. Anayemwonea fundi ni yule asiyejua uzito wa kazi: anabishana bei, anamlipa nusu, anamwambia «rudi kesho». Aliyekwisha kuchanganya sima mwenyewe, mgongo ukamuuma, anajua kulipa.

Wengine watasema: «Hii ni Article 15 tu, jitafutie. Serikali itafurahi tusipoidai kitu.» Kweli, mtaro wa barabara na waya wa umeme wa kartié si kazi ya mtu mmoja na nyundo yake. Kutengeneza mlango wako hakufuti deni la wale wanaolipwa kutengeneza barabara.

5. Mpaka uko wapi?

Kipimo ni hiki: nikikosea, nani ataumia? Ubao ukiinama, sahani yangu itateleza, nitacheka. Lakini waya ukifungwa vibaya, watoto watalala na kifo. Hata mbabula: mu baridi ya mwezi wa sita na wa saba watu wanaiingiza chumbani, wanafunga madirisha ili kupata joto. Makala inatoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na wanaolala hawaamki. Ulaya, mahali nyumba nyingi zinapata joto kwa maji ya moto yanayopita mu mabomba, watu wengi wanajipangia meza za jiko wenyewe. Lakini kule Uingereza, anayefanya kazi ya gesi kwa malipo sherti aandikwe mu Gas Safe Register, iliyoanza mwaka 2009. Ni sheria ile ile ya wayeyusha shaba wetu: moto una bwana wake.

Kwa kumaliza, jibu letu ni ndiyo, deni liko, lakini lina mpaka. Wazazi na walimu, tuwape watoto nyundo pamoja na kalamu, wavulana na wasichana, na tuwafundishe pia siku ya kusema: «Hapa, tuite fundi.» Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema: fundi wako asipoziba.